Daftari la oda na uzi mwekundu

Kama uliwahi kupeleka kitambaa kwa fundi pale Magomeni kati ya mwaka 2017 na 2022, ukaambiwa "njoo Ijumaa", na Ijumaa ukaambiwa "njoo Jumatatu", huenda fundi huyo ni mimi. Samahani sana. Sisi mafundi cherehani tuna jina baya kwa uongo wa siku, nalijua hilo, na zamani nilistahili fungu langu. Lakini ahadi nilizovunja miaka ile hazikuwa uongo. Nilikuwa naumwa na sikujua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi. Madaktari wanasema MS, inatosha. Mama yangu kule Korogwe ameshindwa yote mawili, anauita "huo wa makovu", na kwa kweli hajakosea. Sklerosisi ni ugumu, kama kovu lililokakamaa. Mwaka 1868, jijini Paris, daktari Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu akiwa ameona mabaka magumu yaliyotapakaa ndani ya ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliokufa, na jina likatokana na mabaka hayo.

Mimi nina daftari la oda. Kila fundi analo: jina la mteja, vipimo, advansi, siku ya kuchukua. Langu lina kitu cha ziada. Nguo ikichelewa huwa naandika sababu pembeni kwa neno moja au mawili, ili mteja akija na domo lake nisibabaike. "Luku imeisha." "Msiba." "Bitana hakuna Kariakoo." Hilo daftari ndilo lililonipatia jina la ugonjwa, ila ilichukua miaka mitano.

Sababu ya kwanza ya ajabu imeandikwa Aprili 2017: "miguu". Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi miwili. Niliamka nyayo zimekufa ganzi, nikadhani nimezilalia. Jioni ganzi ikafika magotini. Siku ya nne ilikuwa kiunoni, na juu yake nilihisi kitu kimenibana mbavu kama mkanda wa sketi iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Mama alikuwa amekuja kunilea. Akasema ni baridi ya uzazi, akachemsha maji, akanikanda. Kila akinikanda miguu inazidi kuwa ya mpira, nashindwa hata kusimama bafuni, naye anasema, "Unaona mwanangu, baridi inatoka." Baada ya wiki tatu ganzi iliisha yenyewe. Maji ya moto yakapewa sifa zote.

Leo najua kwamba mama mwenye MS akiwa mjamzito mara nyingi mashambulizi, yaani vipindi vya dalili kuzuka, hupungua, hasa miezi mitatu ya mwisho, halafu miezi mitatu baada ya kujifungua hupanda. Najua pia kwamba joto ni adui. Wakati ule tulikuwa na uji wa pilipili manga na nia njema.

Agosti 2019: "jicho". Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo niligombana na mteja hadi majirani wakatoka nje. Alileta kitambaa chekundu cha satini, gauni la sendofu. Nikashona. Alipokuja kuchukua akaishika mishono ya kwapani na kuuliza, "Fundi, huu uzi ni wa nini?" Nikamwambia ni mwekundu. Akasema ni wa rangi ya tofali. Nikashikilia ni mwekundu, yeye anashikilia tofali, mpaka mwanafunzi wangu akaninong'oneza, "Dada, ni wa tofali."

Jicho la kulia lilikuwa linaniuma siku mbili nyuma, hasa nikiligeuza kutazama pembeni. Usiku ule nikachukua uzi mwekundu kabisa, nikafumba jicho la kulia: nyekundu ya damu. Nikafumba la kushoto: nyekundu iliyofuliwa kwa sabuni kali miaka kumi. Baada ya siku chache katikati pakawa na ukungu. Nikaenda kwenye kliniki ya macho, wakaniangalia, wakasema jicho halina kitu, wakaniuzia miwani. Kwenye wiki ya sita mwanga ukarudi. Nikaisifia ile miwani kwa kila aliyepita dukani. Nadhani niliwapelekea wateja watatu.

Jicho kweli halikuwa na kitu. Kilichovimba kilikuwa mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, na ukiumia hivyo rangi huondoka mapema, nyekundu ikitangulia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa, kwa miwani au bila miwani.

Mwaka 2020 nikanunua mota, nikaachana na kukanyaga. Ilikuwa fahari yangu. Miezi michache baadaye, nikiinamisha shingo kutunga uzi kwenye sindano, umeme unanipita kutoka kisogoni, unashuka uti wa mgongo mpaka mapajani. Zzz! Nainua kichwa, unaacha. Nikamwita fundi umeme. Akaja na testa yake, akafungua soketi, akabadilisha waya wa ethi, akachukua elfu 25. Kesho yake, zzz. Nikamwita tena, tukaanza kutupiana maneno. Nilikuja kutulia siku nilipopigwa na ule umeme nikiwa nachambua mchele nyumbani uani, mbali na waya wowote. Daftari linasema tu "shoti". Madaktari wana jina lake, dalili ya Lhermitte, kwa heshima ya daktari wa Kifaransa: kovu likikaa kwenye uti wa mgongo wa shingoni, kuinama kunaivuta neva iliyoumia nayo inapiga kelele. Yule fundi umeme nilimrudia kumwomba radhi. Pesa hakurudisha, lakini kazi alikuwa ameifanya.

Sasa hebu nieleze kinachotokea ndani, maana nilipoambiwa mara ya kwanza sikuelewa. Natokea Kimara kila siku kwa mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao peke yao, kwa hiyo nimeelewa kwa njia hiyo. Neva imevikwa ala ya mafuta inayoitwa mayelini, na ala hiyo imeachwa mapengo madogo madogo. Ujumbe wa ubongo unaruka kutoka pengo hadi pengo, kama ekspresi inavyozipita Bucha, Baruti na Kona bila kusimama. Ala ikiliwa, ujumbe unalazimika kusimama kila kituo. Ikiliwa zaidi, unafia njiani na mguu haupati habari. Na wanaoila si wadudu kutoka nje. Ni kinga ya mwili wenyewe, zile seli zilizoajiriwa kutulinda, zimeingia kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho na kuiona mayelini kama adui. Uvimbe ukitulia, mwili hukarabati kidogo, ndiyo maana mwanzoni mtu hupona hadi akasahau. Lakini kila ukarabati unaacha kovu, na uzi wa neva uliobaki uchi kwa muda mrefu unanyauka.

Hapo ndipo MS inaposogeleana na magonjwa mengine ya ubongo na neva kuchakaa. Jirani yetu ni mzee mwenye Parkinson, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Kwake yeye seli zinazotengeneza kemikali ya kuongoza mwendo ndizo zinazokufa polepole, bila vita ya kinga kama yangu. Sote wawili tunatetemeka, na watu wanadhani ni kitu kimoja. Tazama vizuri. Mzee akipumzika, mkono wake unatetemeka kama anahesabu noti. Akishika kikombe, unatulia. Wangu ukipumzika umetulia tuli. Nikiunyoosha kufuata tundu la sindano ndipo unapoanza kucheza, na kadiri nikikaribia ndivyo unavyozidi. Yeye anasema tungegawana mikono tungepata fundi mmoja mzima.

Turudi. Mwaka 2022 ndio ulioniangusha. Mguu wa kushoto ulianza kuburuta, ndala inanitoka barabarani bila mimi kujua. Nikawa nakumbatia kuta. Asubuhi moja kituoni Kimara nilipepesuka, konda wa daladala akasema kwa sauti, "Mama, saa mbili hii ushapiga?" Watu wakacheka. Sinywi, sijawahi. Mtaani likaenea. Dada yangu akasema nimetupiwa kitu na fundi wa kibanda cha pili, kwa sababu nilimchukulia wateja. Nikapelekwa kwa mtu, huko Bagamoyo. Sitasimulia, ila niseme tu pesa ya cherehani ya ova-loki niliyoipigia mchezo mwaka mzima iliishia huko, na fundi wa kibanda cha pili, ambaye hakuwa na kosa lolote, sikumsalimia miezi minane. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Kulikuwa na mengine ambayo mtu hayasemi. Mkojo: ukija hausubiri, na nikifika chooni haukubali kutoka. Nikazijua choo zote kutoka Magomeni mpaka Fire. Vipimo: naandika kifua mahali pa kiuno. Na uchovu. Neno hili ni dogo mno. Uchovu wa kazi naujua, nimeshona sare za shule Desemba na Januari mpaka alfajiri. Huu ni tofauti. Umeamka, umeoga, hujafanya lolote, saa nne mwili unazimika kama luku. Ukimwambia mtu umechoka anakujibu, "Nani hajachoka?"

Hospitali ya kwanza wakasema ni presha. Ya pili, mawazo. Nikaandikiwa dawa za usingizi. Ya tatu nesi mmoja alisikia daktari akitaja MS akasema, mbele yangu, "Huo si ugonjwa wa Wazungu?" Sikumlaumu sana. Duniani tuko karibu watu milioni 3, na ni kweli kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo wagonjwa wanavyozidi. Sababu haijakamilika: jua na vitamini D vinatajwa, kurithi kidogo, sigara, na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu mzima anacho. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia rekodi za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, wakaona aliyeambukizwa kirusi hicho uwezekano wake wa kupata MS unapanda mara 32. Lakini nadra si sawa na hakuna. Ukiwa mwanamke, una miaka kati ya 20 na 40, umekaa palepale kwenye shabaha. Wanawake tunaugua mara mbili hadi tatu ya wanaume. Na nchi isiyo na mashine za kutosha za kupiga picha za ubongo itawaona wagonjwa wachache hata kama wapo.

Daktari aliyenipata alikuwa dada mdogo kuliko mimi, bingwa wa mishipa ya fahamu. Nilikwenda na daftari kwa sababu foleni ni ndefu na nilitaka kuwapigia wateja. Akaniuliza, "Mama, hili tatizo la mguu lilianza lini?" Nikasema mwaka huu. "Kabla ya hapo hujawahi kuumwa?" Nikasema hapana. Ndiyo, nilisema hapana! Miguu ilikuwa ya uzazi, jicho lilikuwa la miwani, umeme ulikuwa wa mota. Kila kitu nilishakipa mwenyewe.

Nikafungua daftari kutafuta tarehe mguu ulipoanza, yeye akachungulia. "Hapa umeandika jicho. Jicho lilikuwaje?" Nikamweleza ugomvi wa uzi. Akaweka kalamu chini. Akaomba daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akiniuliza "ganzi hii ilifika wapi, ilikaa siku ngapi, iliondoka lini", foleni nje inanung'unika. Mwishoni alikuwa na karatasi yenye mistari minne.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini alifurahi namna ile, maana kwa kweli alifurahi, na mimi nilikasirika kidogo. Kuna vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, vinaitwa vya McDonald, vilitolewa 2001 na vimefanyiwa marekebisho tangu hapo. Roho yake, wakati napimwa mimi, ilikuwa moja: ugonjwa uwe umepiga sehemu zaidi ya moja ya mwili, na wakati zaidi ya mmoja. Daktari wa macho aliliona jicho. Mama aliiona miguu. Fundi umeme aliiona soketi. Hakuna aliyeona vyote isipokuwa daftari.

Hakukimbilia jina, hata hivyo. Alinipima Ukimwi, kaswende, kifua kikuu, vitamini B12. Akaniuliza kama nimekulia kwenye mihogo michungu, nikashangaa. Kumbe kuna ugonjwa unaitwa konzo, ulioonekana Tarime wakati wa njaa ya miaka ya 1980: mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha inabaki na sumu, na miguu yote miwili inakakamaa ghafla kwa pamoja. Wangu haukuwa hivyo. Kulikuwa na ugonjwa mwingine tena, ndugu yake MS, unaoshambulia macho na uti wa mgongo na ambao baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Damu yangu ilipelekwa nje ya nchi kuutafuta, ikarudi safi.

Kisha MRI ya kichwa na shingo. Nilipewa picha nikaitazama kwenye dirisha. Mabaka meupe yamepangana pembeni ya vyumba vya majimaji katikati ya ubongo, yamesimama wima kama mishono ya mtu anayejifunza. Moja liliwaka zaidi kwa ile dawa waliyonichoma mkononi, hilo ni jipya. Mengine hayakuwaka: makovu ya zamani. Lile la shingoni nilionyeshwa kwa kidole. "Huyu ndiye fundi wako wa umeme," dokta akasema. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikamuuliza kama ninakufa. Akasema hapana, sifi na hii kesho, ila tutaishi nayo pamoja, na akaniambia nirudi na mume wangu ili asinisikie vibaya nikimsimulia mwenyewe.

Nililazwa siku tano kwa dripu ya dawa ya steroidi, gramu moja kila siku. Mguu ukarudi, si wote. Dripu hiyo inafupisha shambulio tu, haizuii lijalo. Ya kuzuia ni nyingine. Mimi nachomwa rituksimabu kila baada ya miezi sita, dawa iliyoanza kama ya saratani, inayopunguza aina moja ya seli za kinga. Kabla ya kuianza ilibidi nipimwe homa ya ini B na kifua kikuu visije vikaamka. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na kladribini na glatirama, kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Nilisoma habari hiyo nikiwa nahesabu pesa za dozi, nikaona kuna umbali mkubwa kati ya orodha na mfuko wa fundi. Kikoba changu kinajua jina la dawa hii kuliko wafamasia wengine.

Kazi sijaacha. Naanza saa kumi na moja alfajiri na saa tano nimefunga, maana joto la Dar la Januari na Februari linanizima jicho la kulia kabisa. Mwili ukipanda hata nusu nyuzi tu, neva yenye kovu inagoma. Likipoa, linarudi. Hilo si shambulio jipya na nimejifunza kutotaharuki: nalowanisha kanga, nafunga shingoni, nawasha feni. Pasi ya mkaa nimemwachia mwanafunzi, naye sasa ndiye anayenitungia uzi. Shambulio la kweli linakaa zaidi ya siku nzima bila homa wala joto la kulisingizia, na hapo nampigia dokta.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, nachukua ule uzi mwekundu. Jicho moja, kisha la pili. La kulia limebaki na utofali kidogo, halitaki kutoka, na nimelizoea. Fundi wa kibanda cha pili ameniuliza mara mbili nafanya nini na ule uzi. Mara ya pili nikamweleza yote, pamoja na ya Bagamoyo. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema ova-loki yake iko pale, nitumie nikiihitaji.

Daftari la leo linasema: gauni la kicheni pati, kifua 38, kiuno 32, shingo ya mviringo, advansi elfu 20. Pembeni: "kidole gumba ganzi tangu saa tatu, tusubiri." Mwenye gauni ameambiwa aje Jumamosi. Jumamosi kweli.